Upande wa Pili wa Plaiwudi

18 Januari

Kwako Mama Mdogo, mtawa wa ndani kabisa,

Kaa chini kwanza. Anayekuandikia ni wa pili kwa kujua siri za watu. Wa kwanza ni Mungu, na nadhani hata yeye ananionea wivu kidogo, maana mimi habari napata kwa maandishi.

Salamu sasa, nisije nikaambiwa sina adabu. Shikamoo. Magoti hayajambo? Mama hajambo, ana presha yake ileile na vidonge vyake vilevile, kimoja asubuhi kimoja jioni. Cherehani inanguruma tangu kunapopambazuka kwa sababu shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku ya mwisho. Mdogo wangu, yule tunayemwita Mwalimu kwa sababu anasahihisha hata redio, amekuwa wa tatu darasani na nyumbani hatupumui. Shikamoo na wewe, Mama Mkuu. Najua unaisoma hii kabla ya mwenyewe.

Tuje kwenye habari. Unajua mimi na shule tuliachana bila ugomvi, nikaingia kwenye ufundi wa simu. Leo mtaa mzima ukisema "fundi" wanamaanisha mimi, yule fundi wa pale kona wanamwita "yule mwingine". Basi chumba kilichopakana na changu kimepangwa na bwana mmoja, Mtaalamu wa Nyota. Usiogope, hana mafuvu wala mikia. Ana tai, ana kitambaa cheupe mezani, ana glasi ya maji, ananukia sabuni. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi tu.

Mteja akifika anaambiwa: mionzi ya simu inasumbua nyota, iache kwa fundi hapo jirani aizime. Mimi naipokea kwa heshima, naomba namba ya siri "ili niipime betri", nafungua, nasoma meseji. Naandika mistari mitatu kwenye kikaratasi, nakipitisha kwenye tundu dogo nyuma ya rafu ya chaja. Upande wa pili Mtaalamu anafumba macho na kusema, "Naona mwanamke. Naona mnagombania kiwanja." Juzi mwanamume mzima, fundi bomba, alilia kama mtoto. "Ameona hadi jina la shemeji yangu!" Mimi huku nimeziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia skrini.

Kwa hiyo wewe na mapadri wako pumzikeni. Pepo hayupo. Ni mimi.

Mwanao Domo, mwenye nyota zote


2 Februari

Mwanangu Domo,

Amani ya Kristo iwe nawe. Magoti yananikumbusha umri wangu kila kengele ikilia. Tumepumzika kuoka hostia za Komunyo siku mbili kwa sababu bamba moja la kuokea limeharibika, kwa hiyo nimekula vipande vilivyovunjika hadi nimevichoka. Msalimie dada yangu. Mwambie barua yake ya mwezi imefika na kitambaa cha kichwa alichonishonea kimenikaa sawasawa.

Nilicheka mahali pawili kwenye barua yako. Mama Mkuu alicheka mahali pamoja, asikudanganye mtu.

Sasa nisikilize. Unaniambia nisiogope kwa sababu mle hakuna pepo, ni wewe tu. Mwanangu, hilo ndilo linaloniogopesha. Unadhani Shetani anahitaji umwamini? Anatosheka ukimfanyia kazi. Ukimwekea kiti atakaa, hata kama ulikiweka kwa utani. Kanisa halitukatazi ramli na nyota kwa kuwa ni upuuzi. Upuuzi ni mwingi na hatukatazwi wote. Linakataza kwa sababu mtu anachukua hofu yake, ambayo angempelekea Mungu, anakwenda kuiweka mezani kwa mwingine. Anaingia na hofu moja. Anatoka na mbili: ile yake, na jina la mtu wa kumchukia.

Na wewe unayeandika, hofu za watu unazishika kwa vidole vyako kila siku. Unafikiri vidole vitabaki safi?

Siku ya Kipaimara chako mama yako aliniandikia kwamba padri alipouliza kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote, wewe ulijibu kwa sauti kuliko wote. Kikaratasi kile ni moja ya mambo yake. Acha.

Kuna jambo langu na mama yako kuhusu watu wa aina hiyo, la zamani. Sitaliandika leo.

Kumbuka Jumatano ya Majivu ni tarehe 18. Tangu siku hiyo hadi Pasaka hatuandiki wala hatusomi barua. Zinazofika zinalala kwenye droo ya Mama Mkuu. Kwa hiyo jibu upesi.

Mama yako mdogo anayekuombea kwa jina


14 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, Mwalimu hajambo, amenisahihisha neno "Februari" hapo juu mara mbili, nimemfukuza.

Umeandika vizuri sana, kama ungekuwa nje ningekupa kazi ya kuandika vikaratasi. Lakini unavikuza vitu. Hofu, vidole, kiti! Watu wanatoka mle wamefurahi. Tumekuwa na foleni hadi kwa muuza mikate. Jumapili ndiyo siku kubwa, kwa hiyo Misa nimeiweka pembeni kidogo, Mungu anajua nilipo. Mama analalamika. Ananitazama kama sare iliyoshonwa mkono wa kulia mahali pa kushoto.

Nikuchekeshe. Wiki iliyopita simu moja ilinigomea kufunguka, na mteja keshaketi ndani. Nikaandika uongo mtupu: "Ajihadhari na moto." Siku ya tatu yule mama aliunguza nusu ya jiko lake kwa pasi. Alirudi kumpigia Mtaalamu magoti! Bahati tu, ndiyo. Ila jioni ile Mtaalamu alichungulia kwangu akasema taratibu, "Unaona? Nawe unayo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Amenipa kamba nyeusi ya mkononi, eti ya usalama kazini. Nimeivaa kama saa. Usianze.

Kwaresima njema, mfunge na kwa ajili yangu, mimi nina kazi.

Domo


12 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua ni Kwaresima. Najua kuhusu droo. Mama Mkuu, kama unaiona hii, shikamoo, naomba umpe leo.

Sisi hatujambo. Mama hajambo.

Ni swali la rafiki yangu, si langu. Kuna ndugu yake amekwenda kwa Mtaalamu. Amepewa unga wa kuweka kwenye maji siku saba, na kwa siku hizo saba asiguse dawa za hospitali, eti zinagombana. Unga wenyewe naujua, nimemwona Mtaalamu akiuchanganya: chaki na majivu. Haudhuru. Ila je, hizo dawa alizoacha? Siku saba ni nyingi?

Na la pili. Mtu akiambiwa kwamba fulani wa damu yake ndiye anayemtumia ugonjwa, na si kweli, ile habari inamtoka yenyewe baadaye au lazima mtu aje aseme?

Rafiki anaweza kusema. Lakini akisema, itajulikana yeye ni nani na anafanya nini, na mtaa huu utamtafuna mzima. Anafikiri aache tu siku zipite. Zimebaki nne.

Ile kamba nilitaka kuivua juzi. Sikuivua. Sijui kwa nini, ni kamba tu. Na nikianza Salamu Maria nafika katikati inanipotea, mimi niliyekuwa nawashinda wote katekisimu.

Jibu upesi.

D.


7 Aprili

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Droo ilifunguliwa jana baada ya chakula cha mchana. Barua yako ilikuwa ya tatu kutoka chini. Siku zako nne zilikwisha wiki tatu zilizopita, nami nilikuwa nimekaa hatua ishirini kutoka pale ilipolala, nakata hostia.

Sheria ni yetu na sina wa kumlaumu. Mama Mkuu ameumia kuliko mimi, kwa sababu aliona mwandiko wako juu ya bahasha akaiweka ndani kama anavyopaswa. Lakini na wewe nikuambie jambo moja kwa upendo. Zahanati ilikuwepo. Padri alikuwepo. Simu unazo rafu nzima, na namba ya monasteri mama yako anayo. Kati ya milango yote ukauchagua ule mmoja uliojua umefungwa. Uliandika mahali ambapo ulijua hakuna atakayesoma.

Sina barua ya dada yangu tangu Februari. Miaka kumi na minane hajaruka mwezi hata mmoja.

Sikuulizi habari za rafiki. Nakuuliza: ni nani aliyekunywa ule unga?

Mama yako mdogo


16 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sina utani leo, Mwalimu ameficha kalamu nzuri, naandika na ya kuandikia madaftari ya wateja.

Ni Mama.

Tarehe 16 Machi alikuwa anashona mkono wa shati, akaegemea cherehani kama anayesikiliza kitu, halafu akaanguka kutoka kwenye kigoda. Kiharusi. Hospitali tulikaa siku kumi na moja. Daktari aliuliza vidonge aliacha lini, Mwalimu akahesabu kwenye paketi: saba vya asubuhi, saba vya jioni, vyote vimo. Sasa yuko nyumbani. Mkono wa kulia haukamati sindano. Maneno yanatoka, ila moja moja, kama mtu anayeokota vifungo sakafuni.

Hatukukuambia kwa sababu alikataa. Kila tukikutaja alitikisa kichwa hadi tukaacha. Barua yako ya mwisho kwake iko chini ya godoro, haijafunguliwa.

Halafu Pasaka. Padri alimletea Komunyo nyumbani. Mwalimu alitandika kitambaa, akawasha mshumaa, mambo yote. Padri akainua hostia, "Mwili wa Kristo." Mama akafunga mdomo. Padri akafikiri hakusikia, akarudia. Akaufunga hadi midomo ikawa myeupe. Padri alipoondoka Mwalimu alimuuliza, "Mama, kwa nini?" Ilimchukua muda mrefu kusema. Alisema, "Zimetoka. Kwake."

Parokia yetu hostia zinatoka kwenu, unajua. Mtaalamu alimwambia ugonjwa anatumiwa na dada yake aliyefungiwa ndani ya kuta, mwenye nguo nyeupe, na kwamba chochote kilichopita mikononi mwake asikitie kinywani. Mama anakuogopa wewe, Mama Mdogo. Anaogopa kumpokea Yesu kwa sababu umemwoka wewe.

Mtaalamu amehama. Nilikuta chumba kitupu, hata kitambaa cha mezani kaondoka nacho. Mimi siku Mama alipokwenda sikuwepo, nilitoka kutafuta skrini. Sijui alijuaje kwamba Mama ana dada mtawa. Pengine kweli anaona.

Domo


25 Aprili

Domo,

Nimelia, kisha nikanawa uso, kisha ndiyo nikaketi kuandika, ili usije ukasoma machozi badala ya maneno.

Tangu Januari unaniambia yule mtu haoni kitu. Leo, siku ambayo kuona kwake kunakufaa, anaona. Hapana. Umempa Shetani sifa ya kazi uliyoifanya wewe. Kile kikaratasi kilipita kwenye tundu, na hakuna mwingine mle mwenye kalamu.

Nami nina deni la ukweli, nilipe kwanza kabla sijakudai wako. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilimpeleka dada yangu kwa mwanamke mmoja aliyesoma karata. Mimi ndiye niliyemshika mkono, ilikuwa mzaha, nilitaka kusikia nitaolewa na nani. Yule mwanamke akamtazama mama yako akasema, "Huyu mdogo wako ndiye atakayekumaliza." Njiani nilicheka hadi nikakaa chini. Mama yako hakucheka. Mimi nilitubu kwa padri nikasahau. Yeye alibaki nalo, na sikumwuliza hata siku moja. Kwa miaka ishirini na tano mbegu ile ilikuwa imelala, na Mtaalamu wako aliimwagilia maji tu. Hivi ndivyo mambo haya yanavyoua, mwanangu. Pembe na moshi hatuvioni. Tunaona dada anayemtazama dada yake kwa pembe ya jicho.

Nilimwomba Mama Mkuu nisiguse hostia za parokia yenu, zioke mikono mingine, mama yako apate kupokea. Alikataa. "Ukiuzunguka uongo," alisema, "umeujengea nyumba." Ana haki.

Kwa hiyo fanya haya. Kata ile kamba leo, iunguze. Nenda kitubioni, useme yote. Kisha kaa mbele ya mama yako umwambie nani aliandika. Msomee na hii barua, hasa habari za karata. Mimi siwezi kutoka humu, kuta zangu nilizichagua mwenyewe. Wewe unaweza kuvuka chumba kimoja.

Nakupenda. Sijabadilika.

Mama yako mdogo


10 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo, Mama Mkuu.

Kamba nimeiunguza. Ilinuka kama nywele. Plaiwudi nimeing'oa na misumari yake, sasa upande wa pili nimeweka meza ya Mama. Anafundisha wasichana wawili kukata vitambaa. Anaonyesha kwa mkono wa kushoto, na Mwalimu anawakaripia kwa niaba yake.

Nilimsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye karata aliniwekea mkono kwenye karatasi, nisite kusoma. Akasema, "Alicheka. Sana." Halafu yeye mwenyewe akacheka, nusu ya mdomo, halafu akalia, uso mzima. Akaniambia tukirudi nyumbani niichomoe ile barua yako chini ya godoro niifungue.

Ndipo nikamwambia. Kwamba hakuna nyota, kwamba ni mimi niliyesoma simu, mimi niliyeandika. Wale wasichana walikuwa wanapiga pasi, nikawa nasikia mvuke tu. Akaniuliza, "Ulijua. Ni mimi?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Siku ile simu zilikuwa nyingi."

Akanipapasa kichwa.

Jumapili padri alikuja. Mama alifungua mdomo kabla hata hajamaliza kusema "Mwili wa Kristo". Mwalimu alisema, "Mama, subiri uitike Amina kwanza," padri karibu acheke. Mama alipokea, akafumba macho, na machozi yakamtoka upande mmoja tu, ule unaofanya kazi. Mimi nilibaki mlangoni. Padri alinitazama kunikaribisha nikatikisa kichwa. Kitubioni nilikuwa nimekwenda, lakini nilisema lilelile: niliandika bila kujua.

Mama Mdogo, nilijua.

Nilijua kabla Mtaalamu hajaniletea simu, maana mlango wangu wa mbele ulikuwa umefungwa na Mama alidhani nimetoka. Nilimsikia akibisha hodi kule, nikasikia anavyokohoa. Nilisikia anachouliza. Hakwenda kwa ajili ya presha. Alisema, "Nina kijana wangu. Amebadilika. Haji Misa, hanitazami. Nataka kujua ni nani amemshika." Ilikuwa hatua tatu kumfikia. Ningeweza kugonga plaiwudi tu na kusema, Mama, toka humo.

Nikafikiri: huyu bwana akimtazama mtoto, Mama atakuja kunichunguza, atagundua. Nikachukua kikaratasi. Nikaandika: "Ana presha, vidonge viwili kwa siku." Mstari wa pili: "Ana mdogo wake, mtawa wa ndani, anaoka hostia." Nikakaa na kalamu. Mtaalamu akakuna ukuta kwa kucha, kuniharakisha.

Mstari wa tatu nikaandika: "Mwambie shida si mtoto. Ni dada."

Yule mtu hakukutaja wewe. Nilikutaja mimi.

Mwanao